Mtambo Mkongwe na Mafuta Yake

Watu wengi hudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Lakini hata kopo la mafuta ya injini, ambayo mafundi wetu huyaita oili, lina historia yake; na asiyeijua hugharimika. Twende pamoja Kibera na Kawangware, katika mji wa Nairobi, tulitazame jambo hili.

Kibera ni makao ya zamani. Askari wa Kinubi waliotumika katika jeshi la King's African Rifles walikaa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza sehemu hiyo kuwa ardhi ya jeshi. Kawangware iko upande wa Dagoretti, magharibi ya mji. Wakazi wengi wa sehemu hizi hufanya kazi mbali na nyumba zao, na kwa hiyo shida ya usafiri ni shida yao ya kila siku. Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kuchukua abiria mjini mwaka 1934, lakini kadiri mji ulivyokua mabasi yake hayakutosha. Wenye motokaa kuukuu wakaanza kupakia watu bila ya ruhusa, kwa nauli ya senti 30. Inasimuliwa kuwa sarafu tatu za senti kumi ndizo zilizoyapa magari hayo jina la matatu, kwa maana katika Kikikuyu hilo ndilo neno la kuhesabia sarafu tatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zichukue abiria bila ya leseni maalumu, nazo zikaongezeka upesi.

Je, zilikuwa motokaa za namna gani? Nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika miaka mingi. Mojawapo iliyosifika ni Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Pikapu ya aina hiyo iliwekewa paa na mabenchi, ikaanza maisha ya pili. Tangu hapo riziki ya dereva, ya kondakta na ya watoto wao ikategemea injini iliyokwisha kuchoka. Injini ikikwama, jioni hapana unga nyumbani. Ndiyo sababu fundi anayefanya kazi juani kando ya barabara hana budi kujua oili ya kutia.

Sasa tuitazame oili yenyewe. Kazi yake ni kuzuia chuma kisisagane na chuma, kupoza injini, na kubeba uchafu. Ikiwa nyepesi mno, utando wake hukatika wakati wa joto. Ikiwa nzito mno, huchelewa kufika juu penye vali wakati injini inapowashwa. Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiitwacho SAE kwa kifupi, kilitoa namba za kupimia wepesi na uzito huo. Hapo kwanza kila oili ilikuwa na namba moja, na katika nchi za baridi kali watu walibadili oili kwa majira. Katika miaka ya 1950 ilianza kuenea oili yenye namba mbili, kama 20W-50. Namba ya kwanza, iliyo mbele ya W, huonyesha jinsi inavyotiririka katika baridi. Ya pili huonyesha uzito wake injini inapokuwa ya moto. Nairobi haina theluji, kwa hiyo injini nyingi za zamani huku huweza kutumia 20W-50 au 15W-40 bila ya shida.

Lakini namba peke yake hazitoshi. Kopo lina herufi pia: zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Nazo zina umri wake. Tangu miaka ya 1990, fosforasi na zinki zilipunguzwa katika oili nyingi nyepesi za petroli, ili zisiharibu kifaa cha kusafishia moshi katika magari mapya. Injini nyingi za zamani hazina kifaa hicho, ila zina vyuma vinavyosuguana kwa nguvu chini ya vali, navyo huhitaji kinga hiyo hiyo iliyopunguzwa. Kwa hiyo oili ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa gari la juzi huenda isimfae mzee huyu.

Kuna kosa jingine, nalo ni kubwa zaidi kwa kuwa lina hila ndani yake. Injini iliyolika hutoa moshi wa samawati na kunywa oili. Baadhi ya watu huitia oili nzito kupita kiasi, moshi ukapungua, na gari likauzwa kwa mtu asiyejua. Oili hiyo haikuponya kitu. Imeficha ugonjwa tu. Ringi za pistoni zilizokwisha hazirudi kuwa mpya kwa sababu ya kopo. Mnunuzi maskini aliyekopa fedha ndiye atakayelipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, kijana, siku utakapokuwa na gari kuukuu au ukiwa fundi, fanya hivi. Kwanza, ujue mwaka ilipotengenezwa injini, usome kitabu chake. Pili, linganisha namba na herufi za kopo na yale yaliyoandikwa. Tatu, tazama kijiti cha kupimia mara kwa mara, na ubadili oili pamoja na chujio kwa wakati wake. Nne, usinunue oili isiyojulikana itokako, hata ikiwa rahisi. Tano, usiimwage ile chafu mtaroni, kwa maana mitaro ya Kibera huteremka mpaka mto Ngong, na maji hayo yana watu mbele yake.

Mtambo mkongwe haudai mengi. Hudai mtu anayejua umri wake na kuuheshimu, asiyeuficha ugonjwa wake ili amwuzie mwenziwe.