Bwawa la Kuogelea na Haki ya Nyumba

Mahakama ilipouharamisha ubaguzi katika bustani za mji wa Jackson, Mississippi, mwaka wa 1962, baraza la mji lilizifungua bustani kwa wote. Lakini mabwawa ya kuogelea likayafunga. Manne yalikuwa ya weupe, moja la weusi. Mwaka wa 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliona ni halali, kwa kuwa watu wa kila rangi wamenyimwa sawasawa. Usawa wa ajabu huo! Mwenye bwawa uani kwake hakunyimwa kitu.

Wengine walikuwa na vyama vya mtaa. Wheaton-Haven, huko Maryland, kiliundwa mwaka wa 1958 kwa jamaa zisizozidi 325. Mkazi wa ndani ya robo tatu za maili hakuhitaji mdhamini. Na mwanachama akiuza nyumba, mnunuzi aliweza kupewa haki ya kutangulia kuingia chamani. Yaani maji yaliuzwa pamoja na nyumba. Mwaka wa 1968 jamaa moja ya weusi iliyokuwa imenunua nyumba humo iliulizia uanachama, ikanyimwa hata karatasi ya maombi. Mwaka wa 1973 Mahakama Kuu iliikamata kanuni ile ile ya robo tatu za maili: haki iliyofungamana na makazi ni sehemu ya mali, na sheria ya 1866 iliwapa raia wote haki sawa ya kununua mali. Safari hii majaji wote waliafikiana.