Kuzeekea Ufukweni: Kutoka Cape Maclear hadi Liuli

Mstaafu wa Ulaya anayetafuta ufuko wa kuzeekea nje ya nchi yake ana maswali yake: joto likoje, pensheni itatosha, hospitali iko umbali gani? Majibu yamewaleta Waitaliano Malindi na wengine Unguja. Mimi nayapeleka maswali hayo Lipingo, wilaya ya Nyasa, iliyokuwa sehemu ya Mbinga. Najua, pale hakuna bahari. Lakini ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kina cha karibu mita 700, na upepo wa mwera ukiamka hata mvuvi mzoefu anavuta mtumbwi nchi kavu. Tusibishane sana.

Wageni walishalichagua ziwa hili zamani. Oktoba 1875 Waskoti wa misheni ya Livingstonia, akina E. D. Young na Robert Laws, walitia nanga Cape Maclear, kusini kabisa. Kwa jicho la baharia palikuwa pazuri mno: ghuba tulivu, mchanga, vilima vya kukinga upepo. Ila baharia huchagua bandari, hachagui shamba. Ardhi ya kulima ilikuwa haba, na homa ikaanza kuwapunguza. Mwaka 1881 wakahamia Bandawe, makaburi ya wenzao wakayaacha palepale ufukweni. Bandawe napo hapakufaa. Mwaka 1894 Laws akapanda milimani, Khondowe, mbali na maji yaliyomvuta. Karibu miaka 20 nzima! Watalii bado wanaisifu sana Cape Maclear, lakini wao wana tiketi ya kurudi.

Waanglikana wa UMCA walichagua kwa hesabu nyingine. Miaka ya 1880 waliweka makao kisiwani Likoma, kwa sababu bara kulikuwa na mashambulizi ya Wangoni. Na hapo hawakubuni kitu. Watu wa mwambao walikuwa wameshakimbilia visiwani na kwenye miamba kuokoa roho zao. Hadithi za wageni na fukwe huwa zinaliruka jambo hili: anayefika na sanduku anaona mandhari, lakini mwenyeji alipachagua pale akihesabu njia za kukimbilia.

Anayenivutia zaidi ni William Percival Johnson, wa UMCA hiyohiyo. Alizaliwa 1854, akasoma Oxford, akaja Afrika 1876. Jicho moja likapofuka, la pili likabaki dhaifu, bado akawa anazunguka vijiji vya ziwani kwa miguu na kwa meli ya misheni, huku akitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Ukimuuliza mshauri wa wastaafu wa leo, angemwambia arudi kwao mapema, na kwa hoja za hospitali angekuwa sahihi kabisa. Johnson hakurudi. Alifia Liuli mwaka 1928, akazikwa hukohuko, katika mwambao uleule wa Lipingo.

Liuli yenyewe Wajerumani walikuwa wameipa jina la Sphinxhafen, kwa mwamba waliouona unafanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia pale meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Kumbe hata bandari tulivu inategemea nani kakasirika Ulaya.

Tuseme sasa mstaafu ameyasoma haya yote, bado anaitaka Lipingo: asubuhi za kimya, mbasa wa kuchoma, ugali wa muhogo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Itabidi aandike mradi. Kuzeeka tu, hata kwa pensheni nono, hakuhesabiwi kuwa mradi, na mimi naona sheria ilikuwa na sababu: ufukweni ndipo mitumbwi inapoegeshwa na dagaa wanapoanikwa, na uzio mmoja unatosha kuwafungia njia watu wa kijiji kizima. Akitaka kupanga nyumba, hilo ni suala la yeye na mwenye nyumba.