Muziki wa Cowboy Bebop

Muziki wa Cowboy Bebop ni muziki uliotungwa na Yoko Kanno kwa ajili ya tamthilia ya katuni ya Kijapani yenye vipindi 26, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1998. Mwongozaji wa tamthilia hiyo alikuwa Shinichirō Watanabe, na studio iliyoitengeneza ni Sunrise. Kanno aliunda bendi ya Seatbelts, iliyopiga jazi, bluzi na mitindo mingine mingi. Wimbo wa kufungulia, “Tank!”, unaongozwa na ala za kupuliza, na ule wa kufungia uliimbwa na Mai Yamane.

Kwa desturi ya katuni za Japani, mtunzi hupewa orodha ya vipande vinavyohitajika, kila kimoja na hisia yake, kisha mwelekezi wa sauti huvipanga kwenye matukio. Kanno hakufungwa na orodha hiyo. Alitunga hata vipande ambavyo hakuagizwa, naye Watanabe akabuni matukio mapya baada ya kuvisikiliza. Ndiyo maana muziki huu hausikiki kama pambo: mara nyingi picha ndiyo inayoufuata. Hata vipindi vyenyewe huitwa “session”, kama wanamuziki waitavyo kikao cha kupiga pamoja.