Nati au koki? Historia fupi ya tundu lililo chini ya injini

Wiki iliyopita Hiace ya mjomba wangu ililala gereji siku nne. Wadau mnaojua biashara ya daladala mnaelewa maana yake: siku nne bila hesabu, na ada za shule zinasubiri. Kosa lenyewe ni dogo mpaka aibu kulisema. Kijana mmoja wa gereji alimwaga oili chafu, kisha akairudisha ile nati ya chini ya sampu kwa spana ndefu na nguvu zake zote. Hesi zikafa. Nati ikaonekana imekaa, kumbe imekaa kwa adabu tu. Njiani ikaanza kuvuja, taa nyekundu ya oili ikawaka, dereva akawahi kuzima injini. Angechelewa kidogo, leo ningekuwa naandika habari ya injini nzima.

Nikamwambia, "Mjomba, si ufunge koki tu? Unafungua kwa kidole, unafunga kwa kidole." Akanicheka. "Koki ni ya bomba la maji, mjomba. Gari lina nati tangu lilipozaliwa."

Mimi na ubishi wangu wa kiuandishi nikaenda kutafuta. Kumbe mjomba kakosea.

Tuanze mwanzo kabisa. Magari mengi ya kwanza hayakuwa na haja ya tundu la kumwagia oili, kwa sababu oili haikurudi. Ilidondoka tone kwa tone kwenye injini, ikalainisha, ikaungua au ikamwagika barabarani, basi. Dereva aliongeza nyingine. Injini za ndege za Gnome kutoka Ufaransa, zilizotumika sana mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ziliendelea na mtindo huo: zilitumia mafuta ya nyonyo na kuyatupa nje pamoja na moshi.

Kisha ikaja Ford Model T, mwaka 1908, gari lililowapa Wamarekani wa kawaida usafiri wao. Zaidi ya milioni 15 zilitengenezwa mpaka mwaka 1927. Humo oili ilikaa chini ya injini na kuzunguka tena na tena bila pampu, ikirushwa na vyuma vyenyewe vinavyozunguka. Sasa ikawa lazima ujue imebaki kiasi gani, na kijiti cha kupimia oili hakikuwepo. Ford walifanyaje? Waliweka koki! Tena mbili, moja juu ya nyingine, nyuma ya injini kwenye kasha la flaiwili. Unaingia chini ya gari, unafungua ya juu: oili ikitoka, umezidisha. Unafungua ya chini: isipotoka, uko hatarini. Ya kumwagia oili yote ilikuwa nati, pembeni ya hapo.

Kwa hiyo nati na koki zilikaa pamoja kwenye gari moja, kila moja na kazi yake. Kijiti cha kupimia kilipoenea, koki ikakosa kazi ikaondoka. Nati ikabaki, na sababu ni ya kiwandani: ni kipande kimoja cha chuma, ni rahisi kutengeneza, haining'inii chini, na ikikazwa sawasawa haivuji.

Nati ilipata msaada mwingine pia. Kitabu cha Model T kilimwambia mwenye gari amwage oili kila maili 750, yaani kama kilomita 1,200 hivi. Mwaka 1923 Ernest Sweetland na mwenzake George Greenhalgh wakaleta filta ya oili huko Marekani. Oili zenyewe zikaboreshwa, na leo yapo magari yanayokwenda kilomita 10,000 au zaidi kabla ya kubadilisha. Nati inayofunguliwa mara moja kwa mwaka haina sababu ya kuchakaa haraka.

Ila siyo magari yote yanaishi hivyo. Foleni, vumbi na joto hufupisha maisha ya oili, ndiyo maana watu wengi wa daladala humwaga kila kilomita 5,000 au chini yake. Gari likikimbia kilomita 200 kwa siku, hizo ni siku 25 tu. Kwa mwaka nati inafunguliwa zaidi ya mara kumi na nne, kila mara na mkono wa fundi tofauti. Na sampu nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, ambayo ni laini kuliko nati ya chuma inayoingia ndani yake.

Hapo ndipo koki iliporudi. Kampuni ya Fumoto ya Japani inauza tangu miaka ya 1970 koki inayoingia palepale kwenye tundu la nati na kukaa moja kwa moja. Ndani ina gololi yenye tundu. Unainua kishikio kidogo, unakizungusha robo mzunguko, oili inatoka. Hesi za sampu haziguswi tena. Ndege ndogo nazo hutumia vali za aina hiyo.

Je, koki imeshinda? Hapana. Tundu lake ni jembamba, hivyo oili hutoka taratibu, na kiasi kidogo huweza kubaki ndani. Tena inaning'inia: kwa gari la chini linalopita kwenye mawe, bora ubaki na nati na washa mpya kila unapomwaga. Na kile kinachofunguka kwa kidole cha fundi, kinafunguka pia kwa kidole cha mtu mwenye nia mbaya.

Kwa Hiace ya mjomba inayoshinda kwenye lami na kumwaga oili kila mwezi, mimi ningefunga koki, nikahakikisha ina kizuizi cha kishikio. Nilipompelekea haya yote alinyamaza kidogo, kisha akasema atafunga. Ila akaongeza la maana kuliko yote niliyosoma: safari hii atasimama pale pale, aangalie mkono wa fundi.