Ramani ya zamani na bibi yako: tuisome Same pamoja (sehemu 1 hadi 6)

Wiki hii sitaongelea lishe wala chanjo. Naongelea ramani. Usipite kwanza, inakuhusu.

Kliniki kila siku tunauliza, "Unatoka wapi mama?" Anajibu Same. Same ipi? Hapo wengi wanakwama, hasa waliozaliwa Dar na Arusha. Wanajua makande, wanajua jina la ukoo, lakini kilima alichozaliwa babu hawakijui. Mwenye kukijua ni bibi, na bibi ana miaka themanini na kitu. Ndiyo maana nimeandika haya sasa hivi.

SEHEMU YA 1: Nani alichora milima yetu?

Mwaka 1890 Mwaustria Oscar Baumann alipita Usambara na Upare, na mwaka 1891 akatoa kitabu chenye ramani. Kazi ya namna ile ilifanywa kwa miguu: unashika dira, unaangalia saa, unaandika umetembea muda gani kuelekea upande gani. Baadaye Wajerumani wakatoa ramani ya koloni lote kwa kipimo cha 1:300,000, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita tatu za ardhini. Hapo ukoo mzima unaingia kwenye ncha ya kidole.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaja na njia nyingine: ndege inapiga picha kutoka juu, halafu wachoraji wanazigeuza kuwa ramani. Karatasi za 1:50,000 za miaka ya 1950 na 1960 ndizo nzuri kwetu. Sentimita mbili ni kilomita moja, na karatasi moja inafunika kama kilomita 27 kwa 27. Vijia, vijito, shule, kanisa, msikiti, vyote unaviona.

SEHEMU YA 2: Ile mistari ya kahawia

Shuleni tuliiita kontua. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mistari ikiachana, ni tambarare. Ikibanana kama nywele zilizosukwa, ni mteremko mkali.

Mji wa Same uko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, kule msitu wa Chome, kinapita mita 2,400. Wapanda milima wana hesabu yao: kila mita 600 unazopanda, ongeza saa nzima juu ya muda wa kawaida wa kutembea. Sasa chukua mama mwenye ujauzito wa miezi minane. Mtu wa ofisini anaona "kilomita tatu tu hadi zahanati". Kontua zinasema hapana, hizo ni saa mbili au zaidi, na kurudi kuna jua. Bibi zetu walijifungulia nyumbani, na wengine njiani. Tusiseme walikuwa wazembe. Angalia mistari kwanza.

SEHEMU YA 3: Kwa nini wazee walijenga juu?

Ukitazama ramani za zamani utaona nyumba na mashamba yamejaa mlimani: Chome, Mbaga, Suji, Vudee, Mamba. Chini kuna nafasi nyingi, watu wachache. Kwa nini?

Juu kuna mvua na chemchemi. Juu ni rahisi kujilinda, maana karne ya 19 misafara na wavamizi walipita tambarare. Na juu kuna baridi ambayo mbu wa malaria haipendi. Wazee hawakuwa na darubini ya kuona vimelea, ila walijua kuwa ukishuka kulala chini unarudi na homa.

Halafu ikaja reli kutoka Tanga. Ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita tambarare, na vituo vikawa Hedaru, Makanya, Same. Biashara ikashuka, ofisi zikashuka, watu nao wakaanza kushuka. Walikuta ardhi kubwa. Walikuta na mbu.

SEHEMU YA 4: Dawa ukutani

Hii kwa nesi kama mimi ndiyo tamu. Mwaka 1954 ulianza mradi wa malaria wa Pare–Taveta, chini ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, kule Muheza. Kuanzia 1955 hadi 1959 nyumba za tambarare ya Upare wa Kusini, na za Taveta upande wa Kenya, zilipuliziwa dieldrini ukutani kwa ndani, kwa sababu mbu akishanyonya damu hutua ukutani kupumzika. Kazi hiyo huifanyi bila kujua kila nyumba iko wapi.

Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Lakini 1959 upuliziaji ulikoma, na vimelea vikarudi polepole. Dieldrini yenyewe leo imepigwa marufuku kimataifa kwa sumu yake. Chandarua chako cha leo kina historia, na sehemu yake iko hapa hapa kwetu.

Kama bibi yako alikuwa mama kijana Gonja, Ndungu au Kisiwani miaka ile, muulize: nani aliingia kwake kupuliza? Aliambiwa nini? Aliulizwa kama anataka? Majibu hayo hayapo kwenye ramani yoyote.

SEHEMU YA 5: Kile ambacho ramani haina

Majina kwanza. Mjerumani aliandika kwa sikio lake, ndiyo maana Kilimanjaro kwao ni Kilimandscharo. Kwa hiyo usipoona jina la kwenu, lisome kwa sauti, cheza na herufi. Pengine lipo ila limepinda.

Pili, maji. Upare tuna ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji ya mashamba. Hata ramani ikikuonyesha bwawa, haikwambii nani alilichimba, zamu ni ya ukoo gani, na nani hukaa kusuluhisha ugomvi.

Profesa Isaria Kimambo alipoandika historia ya Wapare, kitabu kilichotoka 1969, alitegemea sana masimulizi ya wazee. Wale wazee wasingesema, kitabu kisingekuwepo.

Tatu, hatari. Novemba 2009 maporomoko ya udongo kule Goha, Mamba Miamba, yaliua watu zaidi ya 20. Ramani inakuonyesha mteremko na njia ya maji. Mzee ndiye anayejua wapi ardhi ilishawahi kushuka. Unayetaka kujenga, uliza vyote viwili kabla ya kumwaga zege.

SEHEMU YA 6: Likizo ya Desemba fanya hivi

1. Tafuta ramani. Za 1:50,000 ulizia Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Za Kijerumani, maktaba kadhaa za nje zimeziweka kwenye intaneti bure.

2. Jua umri wake. Haina reli? Ni ya kabla ya 1911. Haina mpaka wa pori la akiba la Mkomazi? Huenda ni ya kabla ya 1951. Haina bwawa la Nyumba ya Mungu? Basi ni ya kabla ya bwawa hilo kujengwa miaka ya 1960.

3. Ichapishe kubwa, uitandike mkekani. Bibi kama haoni vizuri, msomee majina tu. Ukitamka jina la kijito, mwenyewe ataendelea.

4. Muulize mambo ya mwili na ya nyumba: ulichota maji wapi, ulipita njia gani ukiwa na uchungu, nani alikuzalisha, mtoto aliyefariki alizikwa wapi. Hili la mwisho uliza kwa upole, na akinyamaza, mwache.

5. Mpe mtoto penseli aweke alama. Rekodi sauti kwenye simu, andika tarehe.

Ramani itakaa maktaba hata miaka mia. Bibi hatakaa. Anzeni na bibi.

Mama, kama unajua jina la zamani la mahali mlipozaliwa, liandike hapo chini pamoja na maana yake. Nitayasoma yote nikitoka zamu.