Nakala Ilikuwa kwa Nani?



Wengi mmetuuliza kwa nini tovuti yetu ya mishono ilipotea wiki ile ya kuelekea Idd. Jibu fupi ni kwamba fundi tuliyempa kazi aliiweka programu toleo jipya, na siku hiyohiyo akaihamishia kwenye seva nyingine. Asubuhi tulipoifungua hapa Bungu, ukurasa ulikuwa mweupe pe. Picha za miaka minne, oda, na vipimo vya wateja wa Unguja na Pemba, vyote havipo. Kabla ya kumlaumu mtu tukakaa kutafuta waliopatwa na haya kabla yetu walitokaje.

Kwanza tuelewane. Tovuti ina mafaili, yaani picha na programu yenyewe, halafu ina kanzidata, daftari la ndani linaloshika majina, oda na maandishi. Ukihamisha mafaili ukaiacha kanzidata, umehamisha kabati ukaacha nguo. Na programu mpya ikiwekwa juu ya seva yenye mambo ya zamani, haziongei.

Kisa kilichotukaa moyoni ni cha GitLab, kampuni ambayo waandishi wa programu duniani huhifadhi kazi zao kwake. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wao alikuwa anahangaika na kanzidata mbili: ile kuu, na ya pili inayonakili kila kinachoandikwa kwenye kuu. Ya pili ilikuwa imebaki nyuma, akaamua kuifuta aianze upya. Akafuta. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua kwamba yuko kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5. Sisi wa cherehani tunaijua hali hiyo: mkasi umeshapita, na kitambaa si chako.

Wakakimbilia nakala rudufu, zile zilizopaswa kutengenezwa kila siku. Hazikuwepo. Programu ya kunakili ilikuwa inatumia toleo 9.2 wakati kanzidata ni ya toleo 9.6, kwa hiyo kila siku ilijaribu, ikashindwa, ikanyamaza. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Watu walikuwa wanalala usingizi wakiamini sanduku limejaa, kumbe tupu.

Kilichowaokoa hakikuwa mpango wowote. Saa sita hivi kabla ya balaa, nakala moja ilikuwa imepigwa kwa mkono kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Kuirudisha kulichukua kama saa 18, maana diski za seva ya majaribio zilikuwa za polepole. Kilichoandikwa ndani ya zile saa sita kilikwenda moja kwa moja: miradi isiyozidi 5,000, maoni kama hayo, na akaunti mpya karibu 700. Tunachowaheshimu ni kwamba hawakuficha. Kazi ya kuokoa waliionyesha mubashara YouTube, maelfu wakitazama, na katika ripoti yao ya mwisho aliyekosea hawakumtaja jina. Mngekuwa ninyi, mngeweza?

MySpace hawakuwa na bahati hiyo. Machi 2019 walikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena, kwa sababu ya kazi ya kuhama seva. Nyimbo zilizokadiriwa kufika milioni 50, za wasanii wa tangu 2003, wengi wao vijana wasiokuwa na nakala nyingine nyumbani. Mwezi uliofuata zikarudi 490,000 hivi, na hazikutoka kwa MySpace. Kundi la watafiti lilikuwa limezipakua miaka ya 2008 hadi 2010 kwa masomo yao, likazikabidhi kwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa 1996. Kumbe zilikuwa kwa watu wengine kabisa.

Hapo ndipo tulipomkumbuka mama yetu Hafsa bint Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Hatulinganishi Kitabu cha Allah na tovuti, hasha. Tunaangalia kazi ya kutunza tu. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Qur'ani, Abu Bakr alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye. Zayd mwenyewe alikuwa amehifadhi, lakini hakutosheka na kifua chake, alifuatilia maandishi na vifua vya watu. Kurasa zile zikakaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha nyumbani kwa Hafsa. Uthman alipotaka kuandika misahafu ya kupeleka mijini, alimwomba Hafsa azilete zinakiliwe, na kazi ilipokwisha akamrudishia. Bukhari ameipokea habari hiyo. Ile nakala ilijulikana iko kwa nani, na siku ilipohitajika ilifunguka na kusomeka.

Sisi ya kwetu ilikuwa kwa nani? Fundi alikuwa na faili moja la nakala, halikufunguka. Seva ya zamani, alhamdulillahi, ilikuwa haijafungwa, ikabaki na siku tisa za malipo. Fundi mwingine akaingia humo, akaitoa kanzidata ilivyo, akaiweka kwenye seva mpya na programu ya toleo la zamani, lile inalolijua. Picha zikarudi siku ya tatu. Jina la tovuti nalo lilichukua siku nzima kuelekea mahali papya, ndiyo maana wengine mliona tovuti na wengine hamkuiona.

Oda za wiki ile ya mwisho hazikurudi. Tumezikusanya moja moja kwenye simu, kutoka kwenye jumbe zenu za WhatsApp na daftari la kaunta ambalo mdogo wetu alikataa kuacha kuliandika hata tulipomcheka. Zimebaki tatu. Kama ulitutumia vipimo vya abaya na hujasikia kutoka kwetu, tafadhali tutumie tena, na urefu wa mkono usiusahau.