Ushuhuda wa Uamsho na Mambo Madogo ya Kila Siku: Sura Iliyosahauliwa katika Historia ya Masimulizi ya Nafsi ya Kwanza

Wahakiki wanaotafuta chimbuko la masimulizi ya nafsi ya kwanza katika nathari ya Kiswahili aghalabu huelekea kwenye vitabu. Hutajwa tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hutajwa pia Maisha Yangu ya Shaaban Robert (1949). Waandishi hawa wawili walikuwa na jambo zito la kusimulia: mmoja misafara ya bara, mwingine maisha ya mtumishi wa serikali aliyekuwa pia mshairi. Lakini tangu miaka ya 1930, pembezoni mwa vitabu hivyo, maelfu ya watu ambao hawakuandika hata ukurasa mmoja walikuwa wakisimama kila juma mbele ya majirani zao na kusimulia maisha yao kwa kauli ya "mimi". Masimulizi yao waliyaita ushuhuda. Safari iliyosimuliwa humo mara nyingi haikuvuka soko, shamba na jiko.

Makala haya yanauchunguza ushuhuda huo kama ulivyokuzwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya Kikristo ambayo wafuasi wake waliitwa Balokole nchini Uganda, yaani waliookoka. Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu ya utanzu huu haikutokana na kisa cha mtu kuongoka siku moja na kuwa mpya. Ilitokana na marudio: na ule ulazima wa kurudi kila juma na kuonyesha imani imefanya nini katika ugomvi wa nyumbani, deni la dukani na chuki iliyofichwa moyoni. Mhakiki asiyeyazingatia marudio hayo huuona ushuhuda kuwa usemi wa kukariri tu.

Mwanzo wenyewe wa harakati hii haukuwa wa ushindi. Kituo cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, kilikuwa cha wamisionari wa Kianglikana, na mnamo 1928 na 1929 eneo hilo lilikumbwa na njaa kali. Daktari wa hospitali ya hapo, Joe Church, alichoka kwa mwili na kwa roho. Alisafiri hadi Kampala, na mwezi Septemba 1929 akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, katika kilima cha Namirembe. Kwa siku mbili walikaa wakisoma Biblia pamoja. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi mno, hata likawa kama kisa cha chimbuko, na visa vya namna hiyo vina tabia ya kumeza vingine. Uganda ilikuwa imekwisha kuona mwamko mwingine mnamo 1893, wakati wa mmisionari George Pilkington. Hata hivyo, kisa cha Namirembe kina umuhimu wa kifasihi, kwa kuwa kinaanza na udhaifu unaokiriwa mbele ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa mkubwa wa daktari wala mwenzake wa rangi moja. Umbo la ushuhuda limo humo tayari.

Gahini ndiko umbo hilo lilikokomaa. Hospitalini kulikuwa na manung'uniko baina ya wafanyakazi Waafrika na wakubwa wao Wazungu, na miongoni mwa waliovutana na daktari alikuwa Yosiya Kinuka, kiongozi wa wauguzi. Kinuka naye alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akarudi akiwa mtu wa kukiri makosa yake waziwazi. Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, alifundisha Gahini hadi akapewa daraja la ushemasi. Alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana. Kutoka hapo Uamsho ulisambaa kwa miguu na kwa baiskeli: Kigezi, Buganda, Burundi, Buhaya, na mwaka 1937 ukaingia Kenya.

Fani ya ushuhuda ni rahisi kuieleza lakini si rahisi kuitenda. Watu hukutana, aghalabu mara moja kwa juma au zaidi, nyumbani kwa mmoja wao au kanisani. Huimba na kusoma Biblia. Kisha anayetaka husimama, husalimu kwa kumsifu Bwana, hutaja kwa ufupi lini na wapi aliokoka, na baada ya hapo huingia katika jambo lililomleta. Sharti kuu ni kutaja. Hairuhusiwi kusema "nimekosa kwa mawazo" na kuketi. Husemwa kwamba sukari ya mwajiri ilichukuliwa, kwamba hesabu za shule hazikulingana, kwamba mke alijibiwa kwa ukali asubuhi hiyo, kwamba ndugu fulani alisalimiwa kwa mdomo huku moyo umemkataa. Anapomaliza, hadhira humjibu kwa wimbo, na kwa wengi wimbo huo umekuwa Tukutendereza, wa Kiganda, ambao huimbwa hata na wasiojua Kiganda. Wimbo si pambo linalofuata masimulizi. Ndio sehemu yake ya mwisho, kwa sababu ndani yake msimulizi hujua kwamba amepokewa. Bila kiitikio hicho ushuhuda haujakamilika, kama vile ngano isivyokamilika pasipo hadhira ya kuiitika.

Neno peke yake halikutosha. Aliyeiba alitakiwa kurudisha, na kwa sababu hiyo fedha, zana na mifugo vilirejeshwa kwa wenyewe, jambo lililowashangaza maofisa wa serikali. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, alizoea kusimulia jinsi alivyopanda baiskeli baada ya kuongoka kwake akasafiri takriban maili 50 kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa amemchukia. Kisa hiki hunukuliwa kama mfano wa upatanisho wa rangi, na ndivyo kilivyo. Lakini msisimko wake kifasihi umo katika zile maili. Chuki ni kitu kisichoonekana. Baiskeli huifanya ipimike.

Isimu ya ushuhuda nayo inastahili kuangaliwa. Msemaji wa Kiswahili ana njia mbili za kulitaja tukio la wokovu. Akisema "niliokoka", amelifunga tukio katika wakati uliopita, na mara nyingi huambatanisha mwaka na mahali. Akisema "nimeokoka", ametaja hali ambayo bado anaishi ndani yake. Ushuhuda wa Uamsho huhitaji kauli zote mbili, moja baada ya nyingine, na mvutano wa masimulizi uko katika nafasi iliyo baina yao: aliyeokoka mwaka ule, leo hii yuko katika hali gani? Hapa ndipo kielelezo cha tawasifu za kuongoka zilizozoeleka Ulaya, chenye giza kabla na nuru baada, kinapopotosha. Wanauamsho walizungumzia "kutembea nuruni", istilahi iliyotoka katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, na kutembea ni kitendo kisichofanywa mara moja kikaisha. Faraja waliyoitafuta haikuwa ahadi kwamba taabu zingeondoka. Ilikuwa uhakika kwamba hakuna taabu iliyo ndogo kiasi cha kutofaa kuletwa mbele za Mungu, wala aibu iliyo kubwa kiasi cha kutopata wimbo wa kuijibu.

Kiswahili kilikuwa na akiba ya msamiati kwa kazi hii. Maneno ushahidi, ushuhuda na shahidi yana asili moja ya Kiarabu. La kwanza limebaki mahakamani, la pili likaenda kanisani, na la tatu lina maana mbili: mtu aliyeona na kusema, na mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani. Dhambi na toba pia ni maneno ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wakiyatumia karne nyingi kabla ya misheni. Ulinganisho na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hauepukiki. Katika utenzi huo mshairi anaukemea moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya Pate ili uache kuipenda dunia. Mazungumzo ni ya mtu na nafsi yake, na dunia inaangaliwa ikiwa imekwisha kuanguka. Katika ushuhuda, moyo unafunguliwa mbele ya watu, na dunia bado imesimama: kesho kuna soko, na yule aliyekosewa yumo katika safu ya nyuma, anasikiliza.

Usikilizaji huo ndio uliozua fitina. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kusema hadharani mambo ya ndani ya nyumba kulikuwa ni kuvunja heshima, na anayekiri uzinzi hakiri peke yake. Wazee walilalamika kwamba vijana na wanawake walikuwa wakianika siri za watu. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameonyesha jinsi wanauamsho walivyogongana na wale waliokuwa wakijenga hadhi ya makabila yao kwa kusisitiza nidhamu na staha. Pale mwanamke alipopata nafasi ya kusimama na kusema "mimi" bila kuombewa ruhusa na mume au kaka, utaratibu mzima wa nani azungumze na nani anyamaze ulitikisika. Kanisa lenyewe halikuwa tulivu. Mwaka 1941 wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono. Huko Nyanza, wanauamsho waliojulikana kama joremo, watu wa damu, walivutana na wenzao hadi mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wafuasi wake walipojitenga na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, maarufu kama Johera, watu wa upendo. Inafaa kukumbuka kwamba chanzo kimojawapo cha mfarakano huo kilikuwa kauli: nani ana haki ya kumwambia mwenzake kwamba hajaokoka.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baada ya tangazo la hali ya hatari nchini Kenya mnamo Oktoba 1952. Kiapo na ushuhuda vyote ni vitendo vya kauli, na vyote humfunga msemaji kwa jamii fulani. Kiapo kilitolewa kwa siri na kilielekea mbele, kwa yale yatakayotendwa. Ushuhuda ulitolewa hadharani na uliangalia yale yaliyotendwa. Wanauamsho wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa vilevile kubeba bunduki za serikali. Baadhi waliuawa. Kwao maana mbili za neno shahidi zilikutana.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuwa mwangalifu hapa. Simulizi za mauaji hayo zilitumiwa mara moja na wale waliotaka kuuonyesha upinzani dhidi ya ukoloni kuwa ni ushenzi mtupu, bila kugusa suala la ardhi. Isitoshe, katika kambi za kizuizini serikali iliwadai wafungwa waungame viapo vyao kabla ya kusogezwa kuelekea kuachiliwa. Huko kuungama kuliambatana na kipigo. Msamiati ulikuwa uleule: kukiri, kutubu, kusafishwa. Lakini katika ushirika wa wanauamsho, aliyesikiliza alikuwa naye amekwisha kukiri au angekiri juma lijalo. Afisa wa kambi hakuwa na zamu. Tofauti hiyo ndiyo inayoutenga ushuhuda na maungamo ya kulazimishwa, na uhakiki unaoyaweka yote chini ya neno moja huwadhulumu watu wa pande zote mbili.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona tatizo hili mapema. Katika A Grain of Wheat (1967) yumo mhubiri Jackson Kigondu, mtu wa Uamsho, anayeuawa wakati wa vita. Lakini mwangwi mzito zaidi wa ushuhuda uko kwa Mugo, anayesimama mbele ya umma siku ya sherehe za uhuru na kukiri kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika. Umbo lote lipo: mkutano, msemaji asiyelazimishwa, kosa linalotajwa kwa jina. Kinachokosekana ni wimbo. Watu wanainamisha vichwa na kumpisha apite. Msomaji aliyezoea mikutano ya wanauamsho atausikia ukimya huo kwa uchungu wa pekee, kwa kuwa anajua pale kilipaswa kuwapo kitu gani.

Mapungufu ya utanzu huu yalijitokeza kadiri miaka ilivyopita. Kisa kilichosimuliwa mara mia hupata mapambo, na kukiri kunaweza kugeuka kuwa namna ya kujisifu. Baadhi ya wanauamsho wa Uganda, chini ya Yona Mondo, waliitikia upoevu huo kwa kukaza sheria, hata kukopa kukahesabiwa dhambi. Swali gumu zaidi lilihusu siasa. Janani Luwum, askofu mkuu aliyetokana na Uamsho, aliuawa na utawala wa Idi Amin mnamo Februari 1977. Kivengere alikimbia nchi na mwaka huohuo akachapisha kitabu I Love Idi Amin, kinachompelekea dikteta lile ombi la msamaha ambalo zamani lilipelekwa kwa baiskeli. Wapo waliokiona kitabu hicho kuwa kilele cha Uamsho, na wapo waliohoji kama dhuluma ya dola inaweza kushughulikiwa kama chuki baina ya watu wawili. Mwaka 1994 nchi ileile iliyoizaa harakati hii iliingia katika mauaji ya kimbari, na wengi wa wauaji na wa wauawa walikuwa wamebatizwa. Ushuhuda ulikuwa umewafundisha watu kuzitaja dhambi za nyumba na za kazi. Haukuwa umewapa lugha ya kutosha kuzitaja zile zilizotendwa kwa amri, kwa orodha na kwa kitambulisho.

Ushuhuda ulipoandikwa, uliandikwa zaidi kwa Kiingereza. Tawasifu ya Askofu Obadiah Kariuki, A Bishop Facing Mount Kenya, ilitoka mwaka 1985; mkusanyiko wa Dorothy Smoker wa shuhuda za wakati wa Mau Mau, Ambushed by Love, ulitoka mwaka 1994. Vitabu hivi vimehifadhi mengi, na pasipo hivyo historia hii ingekuwa fukara. Lakini kitabu huchagua kisa kikubwa: usiku wa kushambuliwa, siku ya kuongoka, msamaha kwa adui. Majuma yaliyo katikati, yenye sukari, hesabu za shule na jibu la ukali asubuhi, hayakupata mchapishaji, na Kiswahili ambacho mengi ya hayo yalisemwa kwacho, au kufasiriwa sentensi kwa sentensi kwenye mikutano ya watu wa lugha mbalimbali, kimeachwa nje ya ukurasa. Wasimulizi wazee wanaouweza utanzu huu katika umbo lake la awali wanazidi kupungua, na mihtasari ya fasihi simulizi, ambayo huzipa nafasi ngano, vitendawili na hata misimu, bado haijaupa ushuhuda fungu lake.